Miaka mitatu katika nyumba ya mfuko mmoja: nilikokosea na niliyojifunza

Mwaka 2014, nikiwa na miezi saba tu Marekani, nilionyeshwa filamu iliyonifanya nihame nyumba. Nilikuwa nimekuja kwa green card (kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja) ya bahati nasibu, nimefikia kwa binamu yangu Philadelphia, na nimepata kazi ya zamu ya usiku kwenye kituo cha kutunzia wazee. Maisha yangu yalikuwa kulala, basi, kazi, basi, kulala. Watu wa jengo letu sikuwajua hata majina. Jumapili moja baada ya ibada vijana tukaitwa ukumbi wa chini, tukakaa kwenye viti vya kukunja, taa zikazimwa.

Filamu yenyewe inaitwa The Ordinary Radicals, ya mwaka 2008, imetengenezwa na Jamie Moffett. Inafuata safari ya basi linalotembea kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, likizunguka Marekani katika mwaka wa uchaguzi, na njiani linakutana na vikundi vya Wakristo waliohamia mitaa ambayo wenye uwezo wanaihama. Wanaishi nyumba moja, wanalima viwanja vilivyoachwa, wanakula na majirani. Moffett ni mmoja wa walioanzisha The Simple Way pamoja na Shane Claiborne, jumuiya ya hapo hapo Philadelphia, mtaa wa Kensington. Chanzo chao ni mwaka 1995, familia zisizo na makazi zilipoingia kuishi ndani ya kanisa Katoliki la Mtakatifu Edward lililokuwa limefungwa, na wanafunzi wa chuo kimoja cha jirani wakaenda kukaa nao ili wasitimuliwe. Niliposikia kwamba mambo hayo yalitokea mji huu huu ninaopanda basi kila usiku, nililia. Upweke wa miezi saba ulipata mahali pa kutokea.

Niseme mapema kwamba nyumba niliyoishi mimi siyo ile ya kwenye filamu. Ilikuwa magharibi mwa Philadelphia, nyumba ya zamani ya ghorofa tatu, tulikaa watu tisa. Jina lake naliacha. Mengi nitakayosimulia ni makosa yangu, mengine ni yetu sote, na wale watu bado nawapenda.

Mimi ni mtu wa Peramiho, mkoani Ruvuma. Aliyekulia Peramiho hahitaji kuelezwa habari za watu wanaoishi pamoja kwa ajili ya Mungu. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, wako pale tangu 1898, na kengele yao ndiyo iliyotuamsha kwenda shule. Jumuiya ndogondogo nazo nilizizoea tangu utotoni: kila wiki nyumba ya mtu mmoja, rozari, neno, mchango, halafu habari za nani anaumwa. Kwa hiyo walipotamka neno jumuiya nilitikisa kichwa kukubali kama mwenyeji. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipoanzia, kwa sababu jumuiya ya kwetu inaondoka nyumbani kwako saa moja jioni na pochi yako inabaki kwenye kabati. Hii ya huku ilikuwa mfuko mmoja. Mshahara wote unaingia, unapewa dola 80 kwa mwezi za matumizi yako, na matumizi yoyote yanayozidi dola 100 yanajadiliwa kwenye kikao cha Jumatatu.

Nilimpigia baba kabla sijahamia. Nilidhani atafurahi. Kaka yake, baba mkubwa wangu, aliishi Litowa enzi za Umoja wa Maendeleo ya Ruvuma, vijiji vile vilivyoanza kulima na kula pamoja kwa hiari yao hata kabla Azimio la Arusha halijatangazwa mwaka 1967. Walikuwa na shule yao, na mazao waliuza pamoja. Mwaka 1969 umoja huo ukavunjwa na chama, na watu wakatawanyika. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza swali moja tu: "Ghala liko kwa nani?"

Nikamwambia, baba, hakuna ghala, ni pesa benki. Akasema, "Haya. Hizo pesa za benki, nani anaandika, nani anahesabu, na ukitaka kuondoka unaondoka na nini?" Nilimjibu kwamba hawa ni watu wa Mungu. Akanitakia heri. Ningemwelewa siku ile, nisingekuwa na cha kuandika leo.

Nilihamia Machi 2015. Mwaka wa kwanza ulikuwa mzuri kweli, na nisipousema nitakuwa mwongo. Alhamisi mlango ulikuwa wazi, anayetaka kula aje, na walikuja: wazee wa mtaa, akina mama na watoto, wanafunzi, watu waliolala chini ya daraja la reli. Nilipika maharage ya nazi kwenye sufuria la kulisha watu arobaini. Unga mweupe wa mahindi nilikwenda kununua Woodland Avenue kwenye maduka ya Waafrika, na baada ya miezi mitatu kulikuwa na Wamarekani waliouliza, "Leo kuna ugali?" Majira ya baridi tuliweka kipasha joto kwenye nyuzi 17 ili kupunguza bili, tukakaa jikoni wote tisa tumejifunika blanketi, tunasoma na kubishana mpaka usiku. Nilikuwa nimepata ndugu.

Bustani ilitupa somo la haraka. Kiwanja cha jirani kilikuwa kitupu, nyumba ilishabomolewa, tukakilima moja kwa moja, na mimi nikamwaga mbegu za mchicha. Ulistawi vizuri sana. Halafu mwalimu mmoja wa mtaani akatuuliza kama tumepima udongo. Nyumba za zamani za huku zilipakwa rangi yenye madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na zikibomolewa vumbi lake linabaki ardhini. Tulipima, tukaikuta sumu hiyo, tukang'oa mchicha wote na kuutupa. Msimu uliofuata tulitengeneza matuta ya juu ya mbao na kuyajaza udongo wa kununua. Anayetaka kulima mjini Marekani apime kwanza, kipimo ni bei ndogo kuliko mbegu na jasho.

Kiangazi hicho tulisafiri kwenda Georgia, karibu na mji wa Americus, kuona shamba la Koinonia. Neno hilo la Kigiriki ndilo ambalo Biblia yetu katika Matendo ya Mitume inaliita ushirika. Clarence Jordan, aliyesomea kilimo na baadaye Agano Jipya la Kigiriki, pamoja na mkewe Florence na familia nyingine moja ya wamisionari, walianzisha shamba lile mwaka 1942, weusi na weupe wakila meza moja na kulipwa sawa, katika jimbo ambalo sheria na desturi zilikataza hata kukaa pamoja kwenye basi. Mwaka 1956 wafanyabiashara wa eneo lile wakawasusia: hakuna wa kuwauzia mbegu wala mafuta, hakuna wa kununua mayai yao. Kibanda chao cha kuuzia mazao barabarani kikalipuliwa kwa baruti, nyumba zao zikapigwa risasi usiku. Dorothy Day wa New York, mmoja wa waanzilishi wa Catholic Worker, harakati ya Wakatoliki wanaoishi na maskini, alikwenda kuwatembelea 1957, akajitolea kukaa zamu ya ulinzi usiku ndani ya gari, na gari hilo likapigwa risasi akiwa ndani.

Kilichowaokoa ni karanga za miti ziitwazo pecan. Kwa kuwa hakuna wa jirani aliyenunua, walianza kuziuza kwa posta, kote nchini. Nilisimama chini ya ile miti, nikaokota moja, nikaivunja kwa meno, na nikaona kitu ambacho kwenye nyumba yetu hatukuwa nacho: biashara inayoeleweka, yenye mahesabu, inayoweza kubeba watu hata wakichukiwa na mtaa mzima. Mwaka 1968 walianza kujenga nyumba za bei nafuu kwa majirani bila riba. Millard na Linda Fuller, waliofanya kazi hiyo hapo, wakaenda nayo Mbandaka, Zaire (Kongo ya leo), mwaka 1973, na waliporudi wakaanzisha Habitat for Humanity, shirika la kujenga nyumba za bei nafuu, mwaka 1976. Jordan mwenyewe alifariki 1969, akazikwa kwenye sanduku la mbao hapo hapo shambani, bila jiwe la kaburi. Kibanda alichokuwa akiandikia bado kipo. Tulirudi Philadelphia tukiimba, na hakuna kati yetu aliyesema hata siku moja, jamani, sisi pecan zetu ni zipi? Tulitegemea mishahara ya watu wanne, mmojawapo nikiwa mimi.

Sasa nifike kwenye daftari.

Lilikuwa daftari gumu la kaunta, jalada jekundu, lilikaa juu ya friji na kalamu imefungwa kwa uzi. Upande wa kushoto yaliyoingia, upande wa kulia yaliyotoka: umeme, gesi, mchele, nauli, dawa. Hakukuwa na safu ya nyumbani kwa mtu yeyote. Kabla ya kuhamia nilikuwa natuma kwetu dola 200 kila mwezi, bila kuhesabu michango ya misiba na harusi. Wazazi wangu hawana pensheni. Mdogo wangu wa kiume alikuwa chuoni Mbeya na ada yake ilikuwa juu yangu. Siku ya kukaribishwa niliulizwa kama nina madeni au majukumu yoyote. Nikasema sina. Kwa akili yangu, mama siyo deni. Na pia niliona haya. Watu walikuwa wamekaa wakisimulia jinsi walivyoacha kila kitu, mimi nianze kusema nina watu sita nyuma yangu?

Miezi ya kwanza nilijaribu kutuma dola 50 kutoka kwenye zile 80. Halafu Januari 2016 mama akakutwa na uvimbe kwenye kizazi, akatakiwa kufanyiwa upasuaji. Simu ilikuja Jumanne. Kikao ni Jumatatu. Ningeweza kugonga mlango wa chumba cha yeyote usiku ule, na ninaamini wangenipa. Badala yake niliomba zamu za ziada kazini, nikafungua akaunti nyingine, na malipo ya ziada nikayaelekeza huko. Kwenye daftari niliendelea kuandika mshahara wa kawaida. Mama alipasuliwa, akapona. Nikajiambia nitaacha. Ikaja ada ya muhula wa pili. Ikaja bati la nyumba lililong'olewa na upepo. Ukishazoea mlango wa nyuma, miguu inakwenda yenyewe.

Septemba mwaka huo huo dada mmoja wa Ohio, tuliyekuwa tunalala chumba kimoja, akaanza kuumwa jino. Alikuwa na bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, lakini haikugharamia matibabu ya mzizi aliyoandikiwa. Bei ilikuwa dola 1,100. Tulikaa kikao, tukafungua daftari, fedha hazikuwepo. Tukamwomba asubiri hadi masika, tukirudishiwa kodi. Akakubali. Miezi minne alitafuna upande mmoja. Usiku nilimsikia akigeuka. Nikamfundisha dawa ya kwetu: unaweka karafuu juu ya jino, unaibana taratibu mpaka mafuta yake yatoke. Nilimnunulia karafuu za dola tatu, nikamwekea kwenye kikombe kidogo karibu na kitanda chake, akanishukuru. Wakati huo kwenye akaunti yangu ya pembeni kulikuwa na dola 640.

Januari 2017 zikaja fomu za W-2, zile ambazo mwajiri anakutumia kuonyesha jumla ya ulicholipwa mwaka mzima. Kaka mmoja wa nyumba alisomea uhasibu, na alitujazia kodi wote pale mezani bila malipo. Alichukua yangu, akachukua daftari, akajumlisha. Akajumlisha tena. Hakusema kitu mbele za watu. Alinifuata jikoni, akaniambia kwa upole kwamba kuna tofauti ya dola 3,480, na kama ninajua ni nini itakuwa vizuri niseme mwenyewe Jumatatu.

Nilisema. Nilisimama, kwa sababu kwetu mtu anayeomba msamaha hakai. Nilieleza habari ya mama, ya mdogo wangu, ya bati. Hakuna aliyepaza sauti. Yule dada wa Ohio alikuwa amekaa ameshika shavu, akaniangalia, akasema: "Ungeniambia ni mama yako, ningengoja na hili jino mwaka mzima." Halafu akatoka nje, na kulikuwa na theluji.

Nimeyafikiri maneno yale kwa miaka. Wengine wanaosikia kisa hiki huniambia nilikuwa na haki, damu ni damu, wazungu hawaelewi. Hapana. Alielewa kabisa. Mimi ndiye niliyeamua kwa niaba yake kwamba hataelewa, nikamnyima nafasi ya kutoa, halafu nikamwacha na maumivu ambayo nilikuwa na uwezo wa kuyapunguza zaidi ya nusu. Huo haukuwa ushirika wa aina yoyote, wa Peramiho wala wa Georgia.

Vikao vilivyofuata vilichukua wiki tatu, na hapo ndipo mengine yakafunguka. Kaka mmoja akakiri ana akaunti aliyoachiwa na babu yake, hakuwahi kuiandika. Mwingine wazazi wake walikuwa wakimlipia simu na bima ya gari. Mmoja alijua kwamba akichoka kuna chumba chake Connecticut, kitanda kimetandikwa. Hawakuiba, ila nao walikuwa na mlango wa nyuma ambao hawakuutaja. Nilikasirika sana, nisiseme uongo. Mimi niliona aibu ya watu sita walionitegemea, kumbe wenzangu walikuwa na watu wa kuwaegemea! Bibi mmoja mweusi wa nyumba ya pili, aliyeishi mtaa ule miaka hamsini na aliyekuwa mgeni wetu wa kila Alhamisi, aliwahi kutuambia mezani kwamba sisi umaskini tumeuchagua kama mtu anavyochagua koti, na yeye hana koti jingine. Siku ile tulitabasamu tukapitisha mkate. Katika wiki zile tatu ndipo maneno yake yalituingia.

Tulibadilisha mambo. Daftari likapata safu mbili mpya: nyumbani, na kutoka nje. Kwenye nyumbani kila mtu anaandika anaowasaidia na kiasi gani, kikikubalika kinatolewa kabla ya bili ya gesi. Kwenye kutoka nje unaandika kila unachopewa au ulichowekewa, hata kama hukigusi. Watu wawili wanahesabu pamoja, na wanabadilishwa kila miezi sita. Jambo la dharura halingoji Jumatatu, watu watatu wakikubaliana inatosha. Yaani tulijibu swali la baba, miaka miwili baadaye. Jino lilitibiwa Machi. Nililipa dola 1,100 zote kwa zamu za ziada, safari hii zikaandikwa.

Kuna mambo mengine ya kawaida ambayo hakuna filamu inayoweza kukuonyesha, na mgeni kama mimi yanamgusa kuliko mzaliwa wa huku. Wenzangu walipopunguza kazi ili wahudumie mtaani, waliingia kwenye bima ile ya serikali. Mwenye green card kwa kawaida anangoja miaka mitano kabla ya kuipata, kwa hiyo nami ningepunguza kazi ningepoteza bima ya kazini, na hiyo ya serikali nisingeipata. Ilinibidi nishike ajira yenye bima, na ikaniuma kuonekana yule asiyekuwepo mchana. Liseme hili wazi siku ya kwanza, wasidhani hujajitoa.

Pia kuna pensheni. Marekani unahitaji alama 40 za kazi iliyokatwa kodi, na huwezi kupata zaidi ya nne kwa mwaka, maana yake angalau miaka kumi. Ukifanya kazi ya jumuiya bila kuandikishwa mshahara, miaka inapita hujapata hata moja. Jumuiya kubwa za mfuko mmoja zimesajiliwa kwa kifungu cha 501(d) cha sheria ya kodi, kilichokuwepo tangu 1936, ambapo kila mwanachama anatangaza sehemu yake ya mapato ya pamoja kwenye kodi yake hata kama hajashika senti. Nyumba ndogo kama yetu mara nyingi hazina usajili wowote. Uliza. Muulize anayejaza kodi, usimuulize anayeongoza nyimbo.

Niliondoka Juni 2018. Baba alianza kuugua, na mahitaji yalizidi kile ambacho mfuko wa watu tisa ungeweza kubeba kwa haki. Tuliagana vizuri, waliniwekea mikono, tukala. Kisha nikaanza kutafuta chumba, na nikagundua kwamba kwa Marekani sikuwepo. Mkataba wa nyumba haukuwa na jina langu, wala umeme, wala gesi. Wenye nyumba walitazama rekodi yangu ya mikopo, ikawa tupu. Nilitakiwa kulipa kodi ya mwezi wa kwanza, ya mwezi wa mwisho na amana, jumla dola 2,550. Nyumba ilinipa dola 500, ndizo zilizokuwepo. Miaka mitatu na miezi mitatu ya mishahara, na nililala tena kwenye kochi la binamu yangu kwa wiki saba. Sikumlaumu mtu. Hatukuwa tumeandika popote anayeondoka aondoke na nini.

Nilipokwenda nyumbani kumwona baba mwaka 2019 nilipita abasia, nyumba ya wale watawa wa Peramiho, nikamsimulia bruda mmoja mzee aliyenifundisha katekisimu. Akaniuliza kama nimewahi kusoma sura ya 58 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, mwongozo wa maisha ya watawa wale. Sikuwahi. Akanieleza kwamba mgeni anayetaka kuingia hafunguliwi mlango kirahisi, anaachwa agonge siku nne au tano. Akiingia, katika mwaka wa kwanza anasomewa kanuni nzima mara tatu, na kila mara anaulizwa kama bado anataka. Na siku anapovishwa nguo za kitawa, zile alizokuja nazo hazitupwi wala hazigawiwi. Zinawekwa kabatini na kutunzwa, ili akiondoka siku moja asiondoke uchi. Kanuni ya karne ya 6! Nimekua nikisikia kengele yao kila alfajiri, na sikujua kwamba ndani ya ile nyumba kuna kabati la nguo za kuondokea.

Niliporudi Philadelphia niliwapelekea habari hiyo, tukakaa nayo Jumatatu mbili. Sasa kila anayehamia anakaa miezi sita bila kutoa mshahara wake, analipia chumba na chakula tu, anaangalia. Akiingia kwenye mfuko mmoja, dola 60 za kila mwezi zinawekwa kwa jina lake, na zinaitwa nguo. Bili moja ya nyumba inaandikwa jina lake ili awe na rekodi. Hayo yote yako kwenye karatasi mbili, zimesainiwa, nakala anabaki nayo.

Mimi siishi tena pale, lakini Alhamisi nikiwa sina zamu nakwenda kupika. Mwaka jana aliingia kijana wa Bukavu, tunaongea naye Kiswahili chake na changu tukicheka maneno. Nilikuwepo jioni yake ya kwanza baada ya ile miezi sita. Dada wa Ohio ndiye aliyeshika daftari. Alilishusha kutoka juu ya friji, akalifungua ukurasa mpya, akaandika jina la kijana. Kabla hajamuuliza analipwa kiasi gani kwa saa, alimuuliza jina la mama yake na mahali anapoishi, akamwomba amtajie herufi moja moja, akaandika.